Sifa za Umeme Unaovuja

Katika vyote vinavyoingia nyumbani bila kualikwa, hakuna kilicholaaniwa kwa dhuluma kama umeme unaovuja, yaani ule unaoacha waya wake na kupita katika maji, bati au mwili wa mtu ili ufike ardhini, ilhali hakuna mkaguzi wa majengo anayeufikia kwa uadilifu: hauombi posho, hauangalii cheo cha mwenye nyumba, wala haumwambii mtu arudi kesho. Enzi za majenereta ya dizeli pale Songea, utumishi wake ulikatizwa na mgao. Tangu mji ulipounganishwa na Gridi ya Taifa mwaka 2018, kwa njia ya kilovolti 220 itokayo Makambako, umepata nafasi ya kukesha kazini.

Ofisi yake bora ni tangi la samaki wa mapambo. Anayefuga mbuna, samaki wadogo wa rangi wanaoishi miambani mwa Ziwa Nyasa, huipa kazi hiyo mazingira ya wastani tu, kwa kuwa maji ya ziwa yana madini machache. Lakini mwenye ari ya kuweka samaki wa matumbawe mbali hivyo na bahari, akakoroga takriban gramu 35 za chumvi maalumu katika kila lita, huwa ametengeneza maji yanayopitisha umeme zaidi ya mara mia kuliko ya Nyasa. Hapo kioo cha hita kikipata ufa usioonekana, au mpira unaoziba pampu ukilika, volti 230 huingia majini kimya kimya. Samaki huendelea kuogelea bila habari, kama ndege aliyetua juu ya waya mmoja, kwa sababu umeme usio na pa kutokea haupiti miilini mwao kwa kiasi cha maana. Heshima ya kukamilisha njia huachiwa mwenye tangi, aliyesimama pekupeku juu ya saruji iliyoloa, mkono majini, akisugua ukoga kiooni.

Hata hapo huwa na staha, maana mara nyingine huanza kwa kutekenya tu penye mchubuko wa kidole, ukimpa mhusika muda wa kuilaumu baridi ya Juni.

Sifa yake kuu, hata hivyo, ni kufichua siri za waya wa ethi, ambao kazi yake ni kuupeleka umeme uliopotea kwenye fimbo iliyozikwa ardhini. Plagi ya miguu miwili huingizwa katika soketi ya matundu matatu kwa kuchokoa tundu la juu kwa kalamu, hadi vizuizi vya matundu ya chini vifunguke. Na tundu hilo lililogeuzwa ala ya kalamu ndilo la ethi. Hata palipo na fimbo, kiangazi kirefu cha Songea hukausha udongo na kuuzidishia ukinzani, ndiyo maana wako mafundi wanaojaza shimo lake mkaa na chumvi, kisha wakalimwagilia: chumvi iliyoukaribisha umeme tangini ndiyo hiyo hiyo inayousindikiza ardhini.

Adui yake ni kikata umeme cha miliampea 30, kifaa kisicho na subira, kinacholinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na tofauti ikifikia kiwango hicho hufunga njia kabla sekunde haijaisha. Wapo wanaokiruka na kutumbukiza fimbo ya titani iliyofungwa kwenye ethi peke yake, wakidhani wamemaliza kazi, kumbe wameufungulia umeme njia ya kudumu, na mkondo ambao jana haukuwepo sasa unapita katikati ya samaki kutwa kucha. Watu hao wanastahili shukrani zake. Wengine ni wakorofi wa wazi: huacha waya wa pampu uning'inie chini ya soketi ili matone yadondokee sakafuni, na hubadilisha hita kabla haijapasuka. Wabaya kupita wote ni wale wanaochomoa kila plagi kabla ya kuzamisha mkono, kwani hao huunyima umeme unaovuja hata nafasi ya kujitambulisha.