Kunguni, Dalali na Mwenye Pampu

Kijiwe cha kahawa kina wataalamu wa kila kitu, na wiki hii wote wamehitimu fani ya kunguni. Aliyeleta hoja ni Bodaboda. Wapangaji wa nyumba yao wanataka kupiga dawa, na wamepata kampuni mbili. Moja inasema ije leo, ipige, ilipwe, iondoke. Ya pili inataka karibu mara tatu ya bei hiyo, tena siku ya kwanza haiji na dawa, inakuja kuangalia. “Kuangalia nini?” akadakia Mjuzi wa Yote. “Kwani kunguni ni maonyesho ya Sabasaba?” Kijiwe kikacheka, kashata zikagawanywa, na kampuni ya kwanza ikaonekana imeshinda zabuni. Ilipewa ushindi mapema mno. Huko kuangalia ndiko anakolipia mteja, maana kumwaga dawa ukutani kila mwenye mikono anaweza.

Kunguni haishi juu ya shuka, huja pale kula tu. Makazi yake ni mishono ya godoro, matundu ya misumari kwenye chaga, nyuma ya soketi na nyuma ya kalenda ya mwaka juzi ambayo hakuna aliyeibandua. Ukifunua pindo la godoro utaona alama zake: vidoa vyeusi kama vya ncha ya kalamu na maganda makavu anayojivua akikua. Mayai huyagandisha humohumo kwenye nyufa, na kwenye joto la kawaida la chumba huanguliwa baada ya siku 6 hadi 10 hivi. Dawa nyingi za kupuliza huua kunguni anayetembea lakini yai huliacha salama. Kwa hiyo mwenye pampu anayepiga mara moja na kufunga hesabu ameua wazazi, akaacha kizazi kipya kinasubiri kuanguliwa. Kampuni inayojua kazi hupanga kurudi baada ya wiki mbili hivi, kabla waliobaki hawajafikia kutaga, na tarehe hiyo huitaja mapema bila kuombwa.

Mjuzi wa Yote hakukubali. Kwake shida ni ukali wa dawa. “Chukueni ile inayopita mtaani na spika, ya panya, mende na kunguni. Ukiisikia harufu tu, kunguni ameshaandika wosia!” Harufu ni ushahidi kwamba pua inafanya kazi, basi. Tangu mwaka 1947, kwenye kambi za wanamaji wa Marekani huko Hawaii, ilibainika kwamba kunguni walikuwa wameshaizoea DDT, dawa iliyosifiwa siku hizo kuwa kiboko yao. Leo sehemu nyingi za dunia wanastahimili pia dawa za jamii ya pareto zinazotengenezwa viwandani, nazo ndizo zinazojaa madukani. Ukizidisha dawa ambayo mdudu ameshaizoea, anayeumia ni mtoto anayetambaa sakafuni. Balaa zaidi ni chupa ya maji ya kunywa iliyojazwa kitu kisicho na lebo, au vidonge vya kuhifadhia nafaka ghalani vinavyoingizwa chumba cha kulala. Vidonge hivyo hutoa gesi ya fosfini inayopenya darini hadi kwa jirani, na imeua familia katika nchi kadhaa. Kunguni mwenyewe, pamoja na karaha yake yote, hajathibitishwa kuambukiza watu ugonjwa mitaani mwetu. Ni kichekesho kibaya kumkimbia anayewasha kwa kukumbatia kinachoua.

Ndiyo maana Mwalimu Mstaafu alishauri waombe kuona leseni ya kampuni, waulize jina la dawa, waione lebo, na wahakikishe imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020. Watazame na ule mstari wa rangi chini ya lebo: mwekundu ndiyo sumu kali kuliko zote. “Mwalimu, karatasi hizo hata mimi nitakutafutia,” akasema Dalali, na kwa hilo tumwamini. Leseni haitoi kunguni kwenye chaga, na mwenye leseni anaweza kuwa mvivu vilevile. Faida yake ni kwamba mambo yakiharibika kuna mtu wa kushtakiwa na mahali pa kumshtakia. Uhodari utauona kwenye maswali anayouliza yeye kabla ya kutaja bei: kuna mtoto mchanga? Kuna mwenye pumu? Maji ya kunywa yanahifadhiwa wapi? Nani kaleta kochi juzi? Akianza na bei, ameshajijibia yote.

Mama Lishe ndiye aliyetoa pingamizi zito: pesa. Yeye anapanga chumba kimoja, kwa nini alipie ukaguzi wa nyumba nzima? Kwa sababu kunguni haruki wala hana mbawa, lakini ana miguu na haheshimu mkataba wa pango. Hupita ukutani na kwenye njia za nyaya. Ukipiga dawa chumba kimoja kati ya sita, wengine huhamia kwa jirani, na kunguni anaweza kukaa miezi bila kula akisubiri mambo yatulie. Hapo bei rahisi ya chumba kimoja hulipwa tena na tena. Mchango wa wapangaji wote na mwenye nyumba ni nafuu kuliko inavyodhaniwa. Na pasipo na pesa kabisa, Mama Lishe tayari ana silaha jikoni: nguo na shuka zikifuliwa kwa maji ya nyuzi 60, kunguni na mayai yake hawaponi.

Dalali akamalizia kwamba anaijua kampuni inayotoa dhamana ya mwaka mzima. Hakuna anayeweza kuahidi hivyo kwa uaminifu, maana kochi la mtumba likiingia kesho, kunguni wapya wameingia nalo. Na makochi ya mtumba mtaani kwao anayauza nani? Dalali akageukia kahawa yake. Dhamana ya kuaminika ni ya maandishi na ya wiki chache: akionekana kunguni hai ndani ya muda huo, wanarudi bure. Wewe unayepanga, zungumza na mwenye nyumba kabla hujanunua chupa, na chumba cha jirani kiwemo kwenye hesabu.