Jinsi ya Kugonga Limita ya Kruza na Heshima Yako Ikabaki

Ndugu yangu, umenunua pikipiki aina ya kruza, tena Harley-Davidson: silinda mbili zilizokaa kwa pembe ya nyuzi 45, uzito unaopita kilo 300, na eksozi unayoweza kujitazamia uso. Unataka watu wageuke ukipita. Ni haki yako; hakuna anayenunua chuma cha namna hii ili asionekane. Ila ipo siku, mbele ya hao hao unaotaka wageuke, utavuta mafuta mpaka mwisho na injini itagoma: umegonga limita, kikomo cha mizunguko ya injini. Siku hiyo usiipokee mikono mitupu.

1. Ijue njia ya kufika. Haihitaji kipaji. Ingiza gia ya kwanza, vuta mafuta yote, sahau kwamba gia ya pili ipo. Pikipiki ndogo uliyojifunzia ilitaka kupigwa resi ndipo iende, na mkono wako bado una mazoea hayo. Kwenye injini ya Milwaukee-Eight, iliyoingia na matoleo ya 2017, safari inaishia karibu na mizunguko 5,500 kwa dakika. Hapo kompyuta inaikatia injini nguvu. Mizunguko ikishuka inairudisha, ikipanda inakata tena. Utasikia pikipiki inakohoa na kukutikisa mbele na nyuma. Usiogope, haijaharibika. Imejikinga, na wewe imekukinga.

2. Chagua mahali pa kuumbukia. Kama lazima uigonge limita, igonge kwenye barabara kavu, iliyonyooka, isiyo na mtu nyuma yako. Usiigonge ndani ya kona: nguvu ikikatika ghafla uzito unarukia mbele, na tairi zilizokuwa zimeshika vizuri zinaweza kuteleza. Mahali pabaya kuliko pote ni ubavuni mwa lori unalolipita, uko upande wa wanaokuja, gia ya pili, na injini inakuambia basi. Dawa yake ni kuchagua gia kabla hujatoka kwenye mstari wako. Ukitoka na gia ya tatu, utalimaliza lori lote bila kugusa kikomo.

3. Imekohoa? Usibadilike uso. Usifunge mafuta kwa pupa, wala usirukie breki. Legeza mkono kidogo, bana klachi, pandisha gia, achia klachi taratibu. Kama pikipiki yako ina pedali ya gia yenye sehemu mbili, kandamiza ya nyuma kwa kisigino. Mwili hautatikisika na buti lako halitachubuka. Ukiyafanya hayo kwa utulivu, aliye kando ya barabara ataona dereva anayebadilisha gia, basi.

4. Kuwa na jibu mfukoni. Rafiki yako mwenye pikipiki ya mashindano atacheka: "Elfu tano na nusu tu? Yangu inafika elfu kumi na tano!" Mwache amalize, kisha mpe hesabu. Katika Milwaukee-Eight ya cc 1,746, pistoni inapanda milimita 111 na kushuka 111 katika kila mzunguko. Kwa mizunguko 5,500, hiyo ni wastani wa mita 20 kwa sekunde. Kwenye Honda CBR600RR pistoni inasafiri milimita 42.5 tu, kwa hiyo hata kwa mizunguko 15,000 wastani wake ni mita 21 kwa sekunde. Mwambie pistoni zenu zinakimbia karibu sawa. Yako ina safari ndefu zaidi kila hatua. Atanyamaza, na hutakuwa umemdanganya hata kwa neno moja.

5. Usimlipe fundi akupandishie kikomo. Kubadilisha namba ndani ya kompyuta ni kazi ndogo. Pistoni, konrodi na springi za valvu hazibadiliki kwa sababu namba imebadilika. Mizunguko ikiongezeka maradufu, nguvu inayoivuta konrodi huongezeka mara nne. Pesa hiyo nunulia oili nzuri.

6. Usijionyeshe ukiwa umesimama. Pale Sturgis, South Dakota, ambako waendesha pikipiki wamekuwa wakikusanyika tangu 1938, utamkuta mtu kaegesha barabarani, kaweka nyutro, kavuta mafuta mpaka injini inapiga kelele kwenye kikomo. Usimwige. Injini isiyo na mzigo inafika juu kwa kufumba na kufumbua, na ile inayopozwa kwa hewa inategemea upepo wa mwendo, ambao haupo ukiwa umesimama. Ikiwa ndiyo kwanza imewashwa na oili bado ya baridi, unaikwangua vyuma vyake kwa pesa yako mwenyewe.

7. Kumbuka limita haijui kila kitu. Inazuia mafuta unayovuta wewe, haizuii gurudumu. Ukiwa kwenye mwendo mkali ukashusha gia mbili kwa mkupuo na kuachia klachi, gurudumu la nyuma ndilo litakaloizungusha injini kupita kikomo, na kompyuta itabaki kutazama. Valvu inaweza kugongana na pistoni. Gurudumu linaweza kukwama na kukutupa. Shusha moja moja, baada ya mwendo kupungua.

8. Sasa njia ya mkato, nayo nakupa wewe tu. Kruza imetengenezwa ivute kutokea chini. Msukumo wake mkubwa kabisa unapatikana karibu na mizunguko 3,000. Ukifika 5,500 msukumo umekwisha kupungua, zimebaki kelele. Basi pandisha gia mapema. Pikipiki itasonga kwa nguvu, sauti itabaki nzito, ile ile inayogeuza shingo za watu, na hakuna atakayejua kwamba hukutumia hata nusu ya jitihada. Kama dashibodi yako ina saa ya mwendo peke yake, bonyeza vitufe vya usukani. Nyingi za miaka ya karibuni zina kioo kidogo kinachoweza kuonyesha mizunguko na gia. Kama yako haina, fungua kitabu kilichokuja na pikipiki utafute jedwali la mwendo wa kupandishia gia. Likariri usiku, kesho watu waseme una sikio la injini.

Sifa unazozitafuta, ndugu yangu, ziko kwenye mizunguko 3,000. Pandisha gia hapo, lipite lori salama, ufike nyumbani na injini nzima na shingo nzima.