Oregano ya Meksiko Bonga: Mwongozo kwa Asiyejua Anachokitafuta

Ukifika gengeni Bonga ukauliza oregano, usitegemee kuambiwa "hakuna". Mfanyabiashara wa kweli neno hilo halimtoki. Utaulizwa: "Ya kunywa au ya kupaka?" Ukisita umekwisha. Ukisema ya kunywa, utafungiwa mchaichai. Ukisema ya kupaka, utaonyeshwa kichupa cha mafuta kisicho na lebo. Ukijitetea kwamba ni kiungo cha chakula, utapewa pilau masala, kwa sababu katika hesabu za genge chakula cha viungo ni pilau, na asiyepika pilau anajisumbua bure. Usibishane. Mwamkie mama, nunua kwanza fungu la nyanya, ndipo utoe shida yako. Anayeanza na oregano kabla ya shikamoo hata chumvi ataambiwa imeisha.

Hatua ya kawaida baada ya hapo ni kupanda bajaji hadi Babati mjini, na Babati ikishindikana, basi la Arusha. Nami nilikwenda. Katika duka moja la vioo na kiyoyozi nilikabidhiwa kichupa kimeandikwa OREGANO kwa herufi kubwa, nikalipa bila kuomba punguzo, nikarudi nimekipakata kama mtoto mchanga. Nilipokifungua nyumbani ikatoka harufu ya pizza. Kosa halikuwa la muuzaji. Mimi ndiye nisiyejua kusoma pua yangu.

Maana oregano ya Meksiko si oregano. Ile ya kichupani, Origanum vulgare, ni mmea wa pwani za Mediterania, ndugu wa mnanaa na mrehani. Ya Meksiko ni Lippia graveolens, kichaka cha ukoo mwingine kabisa. Hawa wawili hawana hata undugu wa utani. Kinachowafananisha ni mafuta ya ndani ya jani, karvakroli na thimoli. Wahispania walipofika Meksiko wakanusa kitu kinachokaribia cha kwao, wakakipa jina la kwao, kama sisi tunavyoita kila dawa ya mswaki Colgate. Sugua jani viganjani. La Mediterania lina utamu wa mnanaa kwa mbali. La Meksiko ni kali, kavu, halafu nyuma yake inakuja ndimu.

Sasa hatari. Katika kila kundi la watafutaji yupo mjuaji mmoja aliyesoma nusu ukurasa, akagundua kwamba ukoo wa Lippia ndio ukoo wa lantana, kile kichaka cha uani chenye maua ya njano na waridi katika kishada kimoja, ambacho watoto hula matunda yake meusi. Mjuaji huyo atakuambia kwa sauti ya mganga: "Si ndugu? Chuma hapo hapo!" Usichume. Lantana nayo ilitoka Amerika, ikaletwa kama pambo, ikageuka mvamizi wa malisho, na ng'ombe anayeila huharibika ini, kisha jua likaanza kumchoma ngozi. Undugu wa mimea ni kama undugu wa watu: mmoja anakupikia, mwingine anakuuzia shamba lako.

Atakayekuja kwa upole zaidi atakutajia Lippia javanica. Hiyo kweli ni yetu, ya Afrika Mashariki na Kusini. Watu hunywa majani yake kama chai na kufukuzia mbu. Lakini chai si mchuzi, na porini mmea unaonukia ndimu si mmoja. Kama hujui kuutambua, mwachie anayejua. Nitoke nje ya njia kidogo: jina Lippia linatokana na Lippi, mtaalamu wa mimea aliyeuawa mwaka 1705 akiwa katika msafara wa Wafaransa uliokuwa ukielekea Uhabeshi. Alifia upande wetu wa dunia, jina lake likaenda kukaa kwenye kiungo cha Wameksiko. Hata yeye, ungemuuliza oregano ya Meksiko, asingejua unasema nini.

Kuna jambo ambalo mwenye genge akilijua ataongeza bei. Coleus amboinicus, mmea wa majani manene yenye vinyweleo, ukiuvunja unatoa maji, huitwa oregano katika nchi nyingi za Karibiani na Meksiko kwenyewe. Puerto Rico wanauita orégano brujo, yaani oregano ya mchawi. Jina lake la kisayansi linataja kisiwa cha Ambon, Indonesia. Asili yake? Afrika, kuanzia huku kwetu hadi kusini. Kwa hiyo unaweza kupanda basi hadi Arusha kufuata kitu kilichoondoka huku zamani, kikabadilishiwa jina njiani, na sasa kinataka kurudi kwa bei ya mgeni. Kikonyo kimoja tu ukikichomeka kwenye ndoo iliyotoboka kinashika. Harufu yake iko jirani sana na unayoitafuta, na pizza haimo.

Ukishapata, iwe ya kweli iliyoletwa na mpwa aliyetoka Marekani au ya mchawi, utauliza uiweke wapi. Si kwenye pilau. Weka kwenye makande. Hapa Bonga, mahali ambapo mtu hupimwa kwa magunia ya mahindi na mbaazi, hutakosa vifaa. Mahindi yalianza kulimwa Meksiko yapata miaka 9,000 iliyopita. Maharage ni ya Amerika. Nyanya ni ya huko, pilipili ni ya huko, na parachichi utakaloweka pembeni limetoka huko pia. Bibi yako amepika chakula cha Meksiko maisha yake yote bila kuombwa pasipoti; ni hili jani tu lililochelewa meli. Wenzetu wana pozole, supu ya mahindi yaliyochemshwa na chokaa hadi ganda likatoka. Sisi tunatwanga kwenye kinu, na tukiwa na haraka tunatia magadi. Pozole ikishapakuliwa, kila mtu hujinyunyizia oregano kavu mwenyewe mezani, kwa vidole.

Fuata desturi hiyo ya vidole, ila wewe utie kabla ya kupakua. Jani kavu ni bora kuliko bichi. Lipashe kidogo kwenye sufuria kavu, ukisikia harufu tu ipua, kisha lisugue viganjani juu ya chungu dakika kumi za mwisho. Kijiko kidogo kwa sufuria ya watu sita kinatosha, na ndimu baadaye. Ukizidisha, thimoli itakuumbua, kwa sababu ndiyo hiyohiyo inayotiwa katika dawa za kusukutua mdomo.

Mimi nilizidisha. Nilimpakulia shangazi, nikakaa kumtazama kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Alionja, akanyamaza, akaonja tena. Akasema makande yameiva vizuri, ameyapenda. Akasogeza sahani aongezewe, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, wageni wasisikie, kama jino linaloniuma ni la juu au la chini.