Kaa wa Kabla ya Taarab

Mtu mwenye tiketi ya taarab ale chochote, ila asile kaa. Pweza ruhusa: anatafunika hata ukiwa njiani. Mshikaki wa jodari ruhusa, na ngisi pia, ukiwa na meno. Kaa ni kazi. Kuna kuponda, kuna kuchokoa, kuna kufyonza, na mlaji akishaanza haulizwi saa.

Balaa la Unguja ni kwamba mlo na ngoma vimekabiliana. Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani mwishoni mwa karne ya 17 baada ya Wareno kufukuzwa, inatazamana na bustani ya Forodhani. Katikati ni barabara tu. Ngome ile iliwekwa kuzuia adui wa kutoka baharini. Siku hizi adui wa kutoka baharini amepangwa mezani upande wa pili, amechomekwa vijiti, na anayemnadi amevaa kofia nyeupe ya mpishi.

Jioni moja tulikuwa na tiketi za taarab ya Ngome Kongwe, na shoga yangu alitoka kamili: dera jipya, wanja wa kutosha macho manne, kikuba cha asmini kifuani, na udi uliotangulia kufika kabla yake. Akafungua mkoba kunionesha noti ambazo hazijawahi kukunjwa, alizozibadilisha makusudi.

"Leo natunza, mwenzangu. Nimesema."

Magharibi ilikuwa imeadhiniwa. Vijana wa makachu walikuwa wanaruka kutoka ukutani mara za mwisho, moshi umetanda, na muuzaji wetu alikuwa anamaliza kumsifia mzungu kambakochi kwa Kiitaliano. Akatugeukia: "Karibuni dada zangu, nyie bei ya nyumbani." Bei ya nyumbani ni ileile ya mzungu, imepungua kilo kidogo.

Mimi nilishauri pweza. Mwezi ulikuwa mpevu, siku za bamvua, maji yanatoka mbali na kina mama wanaingia miambani kuwachokoa. Pweza wa siku hizo si wa kulala kwenye barafu. Mwenzangu akanikata. "Pweza nampika kila wiki. Naye hajawahi kunishangaza." Kidole chake kikaenda moja kwa moja kwa kaa wa mikoko, magando yake kama ngumi za bondia.

Tukaletewa kaa, sahani ya chatne ya ukwaju, kibakuli cha pilipili ya kusaga, na kipande cha mti cha kupondea. Pigo la kwanza gando liliteleza likaanguka chini, na paka wa Forodhani hawasubiri kukaribishwa. Pigo la pili gamba lilipasuka vizuri, ila maji yake yaliruka mpaka kwenye shati la bwana mmoja aliyekuwa anakula pizza yake kwa amani. Baada ya hapo hakukuwa na mazungumzo. Mwenzangu aliinama, akawa anachokoa nyama kwa ukucha, anachovya kwenye pilipili, anafyonza, anachovya tena.

Ng'ambo ya barabara fidla zikaanza kulia na kanuni ikazifuata.

"Wameanza!" nikasema.

"Hiyo bashraf," akajibu bila kuinua kichwa. "Bashraf haina maneno. Hawajaanza."

Akahamia gando lililobaki.

Bashraf ilipokwisha tulinyanyuka mbio. Sabuni ya muuzaji ilikuwa imekwisha, lakini alikuwa na maji kwenye chupa na nusu ya ndimu. Mwenzangu akajisugua mikono kwa ndimu, akainusa, akaridhika. Sasa ndimu huondoa shombo. Pilipili haina habari nayo. Ukali wake hauyeyuki majini. Hutaka mafuta au maziwa, na ndani ya Ngome Kongwe havikuwepo vyote viwili.

Tukakaa mstari wa mbele, kwa ajili ya kutunza. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa mwanamke aliyetupwa na mumewe, umetungwa kwa mafumbo ila si ya kumpoteza mtu. Ubeti wa pili ulipoingia, mwenzangu alihisi wanja unamwasha pembeni mwa jicho. Akapitisha kidole.

Kwenye taarab kila ishara ina maana. Anayenyanyuka kutunza kwenye ubeti fulani anampelekea mtu salamu, na aliyeguswa na ubeti hujulikana kwa anavyokaa. Sasa huyu aliyeguswa alikuwa mstari wa mbele, chini ya taa, machozi yanamiminika na wanja umemfika kidevuni.

"Lia mwanangu, usijizuie," bibi mmoja nyuma yetu akasema. "Wanaume ndio walivyo."

Mwimbaji naye anaijua kazi yake. Alimwona, akasogea, akaurudia ubeti ule ule akimtazama yeye. Hapo wanawake wakanyanyuka. Wakaja wanatunza kwa madaha, noti juu, na kila anayerudi kiti chake anapitisha mkono begani kwa mwenzangu. Mmoja alimwachia leso yenye halud, naye mwenzangu akajifuta nayo macho yote mawili kwa vidole vilevile, moto ukazidi.

"Maziwa!" akapiga kelele. "Nipeni maziwa!"

Bibi wa nyuma akashika kifua. "Yarabi! Kumbe kaachwa na mtoto wa kunyonya!"

Habari ikapita safu hadi safu. Mimi nilikuwa nimejiziba uso kwa mtandio, mabega yananitikisika kwa kicheko, nikasikia mtu akisema, "Na mdogo wake masikini, naye analia."

Nilimtoa nje kwa kumshika mkono, watu wanatupisha kama tunatoka msibani. Dukani nikampatia pakiti ya maziwa. Nusu akajimwagia, nusu akanywa. Zile noti mpya zililala mkobani zimenyooka vilevile, hakuna hata moja iliyofika jukwaani.

Asubuhi mumewe alikwenda Darajani kununua samaki. Muuzaji wake wa siku zote alimpimia bila kumtazama usoni, akampa na wasia juu ya haki za mtoto wa kunyonya. Bwana wa watu akarudi nyumbani na mfuko wake, akamkuta mkewe anachambua mchele na kitindamimba wao, yuko kidato cha pili, anapiga pasi sare ya skuli. Akasimama mlangoni.

"Mke wangu," akasema, "mimi nimekuacha lini? Na huyo mtoto mchanga mmemficha wapi?"