Shikamoo, Sura ya 168

Kwa Mheshimiwa Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168 ya Sheria za Tanzania.

Shikamoo, Bibi.

Ulizaliwa mwaka 1973. Kwa hesabu hiyo umeshavuka hamsini, tena katikati ya makazi ya watu, na hakuna aliyekupiga tochi. Hongera. Viraka umetiwa vya kutosha. Mwaka 2021 bajeti iliwapunguzia bodaboda na bajaji faini kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, sisi wa magari tukabaki na 30,000 yetu kwa kila kosa. Hatulalamiki. Anayejaza petroli siku hizi ni tajiri.

Kwa kuwa muda mwingi unakaa kabatini, nikusimulie kazi yako inavyofanyika huku nje. Kijiji kina maduka matatu na kibao cha 50 mwanzoni. Kibao cha kumaliza 50 hakipo. Wenyeji wanasema kiko salama, kimefunika banda la kuku. Dereva anatambaa. Nyumba zinaisha, mahindi yanaanza, mahindi nayo yanaisha. Anakanyaga mafuta kidogo. Nyuma ya mwembe yuko afande na tochi yake ya kupima mwendo, wala hasimamishi mtu: anapiga picha, anamrushia WhatsApp mwenzake aliye mbele, na huko ndiko dereva anakopokewa kwa bashasha. "Habari ya safari, kaka? Tuna picha yako hapa." Anaonyeshwa simu yenye ufa: gari dogo jeupe, namba zimefifia, 57.

Hapo ndipo unapoonekana ukarimu wako, Bibi. Hujamlazimisha mtu. Akubali kosa alipe, au akatae aende mahakamani. Na mahakamani, wallahi, ni pazuri. Katiba, Ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla ya kuthibitika kuwa ana hatia. Mdogo wako Sura ya 20, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, anataka mshitakiwa asomewe shitaka na aulizwe kama ni kweli. Akikana, Jamhuri ilete mashahidi, naye awahoji. Hebu fikiria raha hiyo: afande wa mwembe yuko kizimbani, dereva anamuuliza tochi ilipimwa lini, nani aliipima, na kuku wanaendeleaje.

Kikwazo ni nauli tu. Mahakama iko wilaya aliyoipita njiani, dereva kwake Mbeya. Kesi itatajwa, itaahirishwa kwa kuwa shahidi yuko kazini nyuma ya mwembe, itatajwa tena. Basi, chumba cha kulala wageni, chai na chapati. 30,000 imeshakatika na hakimu hajafungua faili. Kwa hiyo dereva mwenye akili timamu hukiri. Hukiri alilotenda na asilolitenda, hukiri hata la shemeji aliyeazima gari, maana deni linafuata namba ya gari. Ndiyo maana tochi inaishi kwa amani kuliko shahidi yeyote nchini.

(Ipo pia njia ya tatu, ya hela ya brashi ya viatu vya afande. Haimo ndani yako, nami sikuitaja.)

Nikiri pia kwamba wewe na wakubwa wako mnatujali. Mwaka huohuo wa 2021 Bunge lilipitisha kwamba lugha ya sheria na ya mahakama iwe Kiswahili. Tumefurahi sana. Tutazisoma kwa ufasaha haki ambazo nauli yake hatuna.

Ombi langu ni moja. Mahakama zetu zimeshaanza kusikiliza baadhi ya mashauri kwa video, mshitakiwa akiwa gerezani na hakimu akiwa mbele ya runinga. Basi na dereva aliyekana kosa aruhusiwe kusimama kwenye mahakama ya karibu na kwake, amhoji afande kwa njia hiyohiyo. Picha ya kosa langu ilisafiri kwa simu, Bibi. Utetezi wangu kwa nini upande basi?

Ni mimi mdaiwa wako,
Dereva wa gari dogo jeupe