Sifa za Hitilafu Inayokata na Kurudi

Hitilafu za redio za ridhaa, zile ambazo watu huzungumzia masafa marefu kwa mapenzi tu na si kwa mshahara, ziko za namna mbili. Kuna hitilafu ya wazi: fyuzi imekatika, transista ya kurushia imeungua, redio imenyamaza moja kwa moja. Hiyo haina siri wala haiba. Fundi huweka mita, huona umeme unapoishia, hubadilisha kilichokufa, kisha huenda kunywa chai. Ya pili ni ile inayokata na kurudi. Hii imetukanwa kwa kila lugha inayosikika kwenye mawimbi mafupi, na huo ni utovu wa shukrani.

Sifa yake ya kwanza ni haya. Nyumbani hukata sauti kila baada ya dakika kumi. Ikifikishwa mezani kwa fundi hutulia kama mwari mbele ya wakwe. Kifuniko kikifunguliwa ndiyo hutoweka kabisa, kwa sababu hewa ya nje imeupoza ubao wa saketi na mipasuko iliyofunguka kwa joto imejifunga. Fundi husikiliza saa nzima, haoni kitu, na mwenye redio huanza kutazamwa kwa huruma.

Sifa ya pili ni kujua wakati. Redio ya wati 100 hunywa kama ampea 1 inaposikiliza na karibu 20 inaporusha. Tuseme kwenye waya wa umeme kuna mguso mbovu wenye ukinzani wa omu 0.2. Wakati wa kusikiliza mguso huo hula volti 0.2, na hakuna anayeshtuka. Wakati wa kurusha hula volti 4, na redio inayotaka volti 13.8 hubakiziwa 9.8. Kwa hiyo mwenye kituo husikia dunia nzima vizuri, hungoja zamu yake kwa subira, na redio huzima pale tu anapoanza kutaja alama yake ya wito. Hitilafu nyingine yoyote ingemwacha asisikie hata hao aliowakosa.

Makazi yake ni madogo lakini yamechaguliwa kwa busara. Hupenda lehemu zilizoshika miguu ya vitu vizito au vinavyopata moto: rilei, soketi, vidhibiti vya volti. Hupenda swichi zilizoota kutu na vitufe vya sauti vilivyojaa vumbi. Pwani ya Afrika Mashariki imepata mlezi maalumu, hewa ya chumvi, ambayo hupenya kwenye plagi ya antena ambayo wavu wake wa shaba ulibanwa tu bila kulehemiwa. Shaba hugeuka kijani au nyeusi. Kusi ikivuma kebo huyumba na mshale wa kipimo cha mawimbi yanayorudi hucheza. Upepo ukitulia, nao hutulia. Mwenye kituo hulaumu anga.

Hitilafu hii ina nasaba pia. Tawi lake la kifalme ni nywele za bati: nyuzi za madini, nyembamba kuliko unywele wa mtu, zinazoota zenyewe juu ya bati tupu bila kumwagiliwa. Transista za jermaniamu za AF114 hadi AF117, zilizojaa kwenye redio za miaka ya 1960, huotesha nywele hizo ndani ya kopo lao la chuma mpaka ziguse kilichomo. Dawa inayojulikana ni kulipiga kopo kwa ukucha: unywele hukatika, redio huongea, labda siku moja, labda mwezi. Nasaba hiyo imefika hadi angani. Setilaiti ya Galaxy IV ilipozima Mei 1998 na kunyamazisha peja nyingi za Marekani, lawama iliangukia nywele za bati. Si ukoo wa kudharauliwa.

Kuitafuta kuna utaratibu wake. Kwanza antena hutolewa na mahali pake huwekwa antena bandia ya omu 50. Redio ikiendelea kukata, mkosaji yumo ndani. Ikitulia, yuko nje, juu ya paa, na ngazi hutafutwa. Ndani hutumika kijiti cha plastiki, hata mpini wa mswaki, kugonga ubao polepole kipande kwa kipande. Anayegonga kwa nguvu hutikisa ubao wote, na kila kifaa huonekana kina hatia. Kikaushia nywele hupasha eneo moja, dawa ya kupoozea ya kopo hupoza jingine, na sauti husikilizwa kati ya hayo mawili.

Hatimaye kijiti hufika kwenye mguu mmoja wa rilei na mvumo wa spika hukatika; kikiondolewa, hurudi. Chini ya lenzi, tochi ikimulika kwa ubavu, huonekana duara jeusi jembamba kuzunguka mguu, kama udongo uliopasuka kuzunguka nguzo ya kibanda. Lehemu ya zamani hunyonywa, mpya huyeyushwa, nayo hung'aa. Kazi ya sekunde tano, baada ya wiki tatu. Katika wiki hizo mchoro wa saketi umesomwa mpaka karatasi imechanika kwenye mikunjo. Fyuzi iliyokatika haijawahi kumsomesha mtu hivyo. Yuko pia fundi anayelehemu upya kila mguu bila kutafuta. Naye hupona, ila hajui alikuwa anaumwa nini, na mara nyingi hujitengenezea daraja la lehemu pasipokuwa na mto.

Inabaki kufunga kifuniko, na hapa hitilafu huaga kwa heshima zake. Ubao uliolala mezani bila kubanwa hupindika kidogo skrubu zinapokazwa. Ya kwanza hukazwa, ya pili, ya saba, na redio inaongea. Ya nane ikikazwa, sauti hukata. Ikilegezwa nusu mzunguko, hurudi. Ndiyo maana redio nyingi za ridhaa zinafanya kazi vizuri kabisa zikiwa na skrubu saba, na ya nane imo kwenye kopo la maziwa ya unga, pamoja na wenzake.