Sifa za Mheshimiwa Mchango wa Safari

Watu wa Arusha tunapenda kusifia vitu vikubwa. Tunausifia Mlima Meru unapovua mawingu asubuhi, tunaisifia kahawa ya Arumeru, tunasifia hata baridi ya mwezi wa saba kana kwamba tumeitengeneza sisi. Yupo mkubwa mmoja tunayemsahau, na ndiye anayeingia nyumbani kwetu bila kupiga hodi. Namzungumzia Mchango wa Safari ya Timu. Nitamwita Mheshimiwa, kwani hatembei bila msafara, na hakuna kikao cha wazazi kinachofungwa kabla hajatajwa.

Mtazame anavyoingia. Ni saa tatu usiku, mwezi wa tano unakatika, watu wamekaa kula. Simu inalia. “Wazazi wapendwa, habari za jioni. Tunamshukuru Mungu watoto wetu wamefuzu ngazi ya wilaya.” Mistari miwili ya kwanza ni ya furaha tupu, na vikatuni vya makofi vinaifuata. Baada ya hapo Mheshimiwa anashuka kwenye gari: usafiri, chakula cha njiani, treki suti, raba, godoro kwa asiye nalo, dawa za huduma ya kwanza, na mwisho kabisa, peke yake kwenye mstari wake, “dharura”. Katika orodha zote nilizosoma, dharura ndiyo pekee iliyopangiwa bajeti kabla haijatokea. Chini yake kuna namba ya kutumia, jina litakalotokea, na amri: mwisho Ijumaa. Hazipiti dakika tano majibu yanamiminika. “Tumepokea mwalimu.” “Ahsante kwa taarifa.” “Amina.” Huyu wa amina amesoma ile mistari miwili ya kwanza tu.

Tuanze na ukoo wake, maana mtu hasifiwi bila kutajwa alikotoka. Mheshimiwa ametoka katika ukoo usiokufa. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima katika shule za umma kuanzia Januari 2016. Januari 2018 Rais Magufuli akaipiga marufuku tena michango hiyo, na kwa sauti iliyosikika mpaka vijijini. Mwingine angehama nchi. Mheshimiwa alibadili jina tu, akaitwa wa hiari. Hiari yake ina tarehe ya mwisho, ina orodha ya waliotoa yenye tiki za kijani, na ina orodha ya pili ambayo haijaandikwa popote ila grupu zima linaijua kwa kichwa.

Sifa yake ya kwanza ni ualimu. Zamani mzazi wa Ngaramtoni aliijua nchi hii mpaka Chalinze, na huko alipita amesinzia. Kisha mtoto akaanza kuchaguliwa. UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na sekondari, haikai mahali pamoja: mwaka 2019 na 2021 ilikuwa Mtwara, 2022 ikahamia Tabora, 2025 ikapelekwa Iringa. Leo mzazi yule anakutajia Babati, Singida, Igunga na Nzega kwa mpangilio, na anajua kila kituo ambapo Koasta inasimama ili watoto wapate chakula. Wizara haijawahi kupata mwanafunzi wa jiografia mwenye bidii kama huyu, maana huyu kila kilomita ameilipia.

Hesabu nazo amezifundisha vizuri. Desemba 2023 LATRA ilipandisha nauli ya basi la mikoani la daraja la kawaida kutoka shilingi 41.29 hadi 48.47 kwa kilomita. Serikali kwa upande wake hutoa ruzuku ya uendeshaji ya shilingi 25,000 kwa mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka mzima, na 10,000 kwa wa msingi. Chukua kalamu. Ruzuku yote ya mwanafunzi wa sekondari, bila kununua chaki wala karatasi ya mtihani, inatosha kilomita 515. Mtoto wa Arusha anayekwenda Iringa itamvusha Dodoma salama, kisha itamshusha porini kabla hajaliona bwawa la Mtera. Mdogo wake wa shule ya msingi atashukia mahali fulani kati ya Babati na Kondoa, na ndoo yake mkononi. Hiyo ni nauli ya kwenda. Kurudi ni somo la muhula wa pili.

Halmashauri inapoweza hutoa gari na mafuta, na tuseme ukweli, wapo maofisa michezo wanaohangaika mpaka nguo zinawapwaya. Lakini gari na mafuta havivai raba, wala havilali juu ya godoro. Panapoishia uwezo wa halmashauri ndipo Mheshimiwa anapofungua ofisi.

Sifa yake ya pili ni kuinua uchumi. Nenda soko la Tengeru Jumatano au Jumamosi. Utamkuta mama aliyeteremka alfajiri kutoka miteremko ya Meru, Nkoaranga au Akheri, amepanga mikungu yake ya ndizi kwenye majani makavu. Muulize kila mkungu una kazi gani. Wa kwanza ni nauli ya kurudi. Wa pili ni unga na sabuni. Ule mnene wa katikati, ambao hauuzi kwa bei ya asubuhi hata umwimbie, huo ni wa Mheshimiwa. Mama anacheza mchezo wa kupokezana fedha na wenzake sokoni, kila siku anaweka kidogo, zamu yake ikifika binti akacheze netiboli.

Tazama pia anavyomuunganisha mama huyu na uchumi wa dunia. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Jumatano ni siku ya soko. Meli ikichelewa, dola ikipanda, vita ikiwaka mbali, Koasta ya kukodi inapanda bei na ujumbe mpya unaingia kwenye grupu: “Wazazi wapendwa, kutokana na hali ya mafuta…” Mwaka 2022, petroli ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita, sentensi hiyo ilikuwa haina mapumziko. Ndizi peke yake ndiyo haina mamlaka ya kuitangazia bei. Bei ya ndizi huitangaza mchuuzi mwenye Fuso, na hutangaza saa tano, jua likishawaka na mama akishachoka.

Mheshimiwa ana masikio makali pia. Julai 2025 kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilipanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Wenye mshahara walisubiri mwisho wa mwezi waione nyongeza. Yeye alikuwa ameshaihesabu kitambo.

Sifa ya tatu ni kujenga undugu. Bila Mheshimiwa, nani angemkumbuka baba mkubwa aliyehamia Babati miaka ile? “Shikamoo baba mkubwa, habari za siku nyingi? Mjukuu wako amechaguliwa timu ya mkoa.” Baba mkubwa anaitikia marahaba, anafurahi, anatoa baraka. Kisha anakaa kimya kidogo, kwa sababu na yeye ni mtu mzima na salamu ya namna hii ameshawahi kuituma. Shangazi wa Moshi anatoa 10,000 na mawaidha ya 50,000. Ndani ya nyumba, mume na mke ambao walikuwa wanaongea kuhusu gesi na maji tu sasa wana mada ya kuwafikisha usiku wa manane.

Wasiopenda maendeleo watasema jambo hili ni letu sisi maskini. Wakatembee. Marekani wana mchezo wa kushangilia kwa mashindano, wasichana wanarushwa juu na kudakwa, nywele zimefungwa utepe, na familia zinavuka majimbo kila wikendi kuufuata. Kule Mheshimiwa amenenepa kutuzidi. Kuna mashindano ambayo familia hulazimika kulala katika hoteli alizochagua mwandaaji. Ukitaka kulala kwa shemeji yako, mwanao hapandi jukwaani. Wazazi waliishtaki Varsity, kampuni kubwa ya mchezo huo, na mwaka 2024 ikakubali kulipa dola milioni 82.5 kumaliza kesi bila kukiri kosa. Sisi tunawashinda kwa ustaarabu. Hatuendi mahakamani, tunaandika “sawa mwalimu”, tunaweka simu kifudifudi mezani.

Wala sisi si wa kutoa tu. Mwaka 2019 na 2022 michezo ya shule za Afrika Mashariki, FEASSSA, ilifanyika hapa Arusha. Watoto wa Kenya, Uganda na kwingineko wakaujaza mji, wauza maji, chipsi na vocha wakatabasamu. Kila tabasamu lile lilikuwa limechangiwa na mama fulani Kisumu au Mbale, aliyesoma ujumbe wake saa tatu usiku kama sisi. Tulimla naye hakutujua. Huo ndio ujirani mwema.

Katika orodha ya Mheshimiwa kipo kifungu kimoja ambacho sitakitania. Ni gari. Arusha haijasahau Jumamosi ya 6 Mei 2017, wanafunzi 32 walipofariki pamoja na walimu wao wawili na dereva kwenye mteremko wa Rhotia, Karatu, wakienda kufanya mtihani wa pamoja na shule nyingine. Tangu siku ile mzazi wa mji huu akiona neno “usafiri” haulizi kwa nini ni ghali. Anauliza matairi yakoje, dereva ni nani, mtaondoka saa ngapi. Hapo hata asiye nacho anatoa, na anatoa bila kunung’unika.

Sasa nifike kwenye sifa yake kubwa kuliko zote, ambayo walimu wa michezo wamemwonea wivu miaka mingi: Mheshimiwa anajua kuchagua timu. Mwalimu anahangaika wiki nzima juani na filimbi yake, anapima mbio, anaangalia nani ana mikono na nani ana pumzi. Mheshimiwa hahitaji uwanja. Anafanya kazi yote Alhamisi jioni, siku moja kabla ya mwisho wa kutuma.

Yule binti wa GA, mfungaji wa netiboli mwenye shabaha ambayo shule nzima inaitegemea, anamfuata mwalimu akichechemea. Goti linauma. Jana lilikuwa zima, alifunga mpaka wapinzani wakamshangilia, leo linauma. Mwalimu analishika, anabonyeza hapa na pale, anamtazama usoni, kisha anasema, “Haya mwanangu, pumzika.” Wote wawili wanajua ugonjwa wenyewe uko wapi. Jina lake linakatwa, linaandikwa la anayemfuata kwa uwezo, na ninaposema uwezo sizungumzii netiboli. Jumatatu Koasta inaondoka na goti linapona, binti anaonekana amebeba ndoo ya maji anapanda mlima kwao bila kuchechemea hata kidogo. Hakuna daktari wa mifupa katika hospitali ya Mount Meru wala ya KCMC anayeponya kwa kasi hiyo.

Watoto wale hawasemi uongo kwa kupenda. Wameona nyumbani hakuna cha kuuza, wakaamua kumwondolea mama aibu ya kusema hapana. Na timu inayokwenda Iringa kuuwakilisha mkoa, inakwenda ikiwa imepimwa mfukoni kwanza na miguuni baadaye. Ikifungwa, tunalaumu waamuzi.

Wanariadha wetu wa zamani wa kaskazini walikosa bahati ya kumjua Mheshimiwa. Mwaka 1968 John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu, alianguka katika marathoni ya Olimpiki huko Mexico. Goti lake liliumia kweli. Akafungwa bandeji, akaendelea, akaingia uwanjani wa mwisho watu wengi wakiwa wameshaondoka. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake ilimtuma kumaliza mbio, haikumtuma kuzianza tu. Mwaka 1974 kijana wa Karatu, Filbert Bayi, alivuka bahari mpaka Christchurch, New Zealand, akakimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia. Hebu fikiria ujumbe wa safari ile ungeingia Karatu saa tatu usiku: wazazi wapendwa, kijana amefuzu, nauli ya New Zealand mwisho Ijumaa. Tungekuwa na goti lingine la Alhamisi, na John Walker wa New Zealand, aliyemfuata nyuma, angeshinda mbele ya watu wao kwa raha zake.

Akhwari alimjua aliyemtuma. Mtoto wetu wa leo ukimuuliza nani amekutuma, akijibu kwa haki atasema: mama, baba mkubwa wa Babati, shangazi wa Moshi, na mkungu mmoja mnene wa ndizi. Nchi ataiona kifuani, kwenye treki suti ambayo nayo imechangiwa.

Ndiyo maana nasema kwamba Mheshimiwa amefanya kazi kubwa mno, peke yake, bila likizo. Mtumishi wa namna hii kumwacha kazini ni kumdhulumu. Tumstaafishe kwa heshima. Tena mrithi wake si wa kumtafuta mbali. Halmashauri zetu zimeweza kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na hazikufilisika. Mkoa uliopata uwanja wa watu 30,000 kule Olmoti kwa ajili ya AFCON ya 2027 haushindwi kutenga kifungu kidogo, chenye jina lake na hesabu yake ubaoni, cha kumsafirisha mtoto wa Nkoaranga mpaka michezo inakofanyika na kumrudisha. Iwe Koasta nzima, godoro na raba.

Siku hiyo tutamwandalia Mheshimiwa hafla ya kumuaga. Tutampa saa ya ukutani na blanketi, tutapiga picha naye, mwenyekiti wa wazazi atasoma risala. Gharama za hafla nitazibeba mwenyewe. Maana nikiitisha kikao kuzijadili, najua kabisa nani atachaguliwa kuwa mweka hazina.